Kazi, Nishati na Nguvu: Safari ya Baiskeli kutoka Korogwe hadi Lushoto

Walimu wengi wa fizikia hufundisha somo la kazi na nishati kwa mfano wa tofali linaloinuliwa kutoka sakafuni hadi juu ya meza. Mfano huo hauna kosa, lakini hauna uhai. Mwanafunzi huinua tofali lake, huandika jibu, na baada ya mtihani hulisahau. Katika makala haya nakusudia kutumia mfano mwingine, ambao niliupata kwa gharama ya kuaibika: safari ya siku moja ya baiskeli, niliyoifanya peke yangu mwishoni mwa Januari, kutoka Korogwe hadi Lushoto na kushuka tena mpaka Mombo. Msomaji anayeijua njia hiyo atakubali kwamba ni miongoni mwa njia zinazopendeza sana katika nchi yetu. Asiyeijua namwomba avumilie kidogo nimweleze, kwa maana sura ya nchi ndiyo itakayotupa tarakimu za hesabu zetu.

Mji wa Korogwe uko katika bonde la mto Pangani, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara kuu iendayo Moshi huelekea kaskazini-magharibi kwa kilometa 40 hivi mpaka Mombo. Nchi yenyewe ni karibu tambarare. Mkonge umepandwa kwa mistari iliyonyoka hata jicho huchoka kuifuata, na upande wa kulia ukuta wa milima ya Usambara humsindikiza msafiri njia nzima, asubuhi ukiwa na rangi ya samawati na mawingu yakiwa yamelala juu yake. Reli kutoka Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, hufuata bonde hilo hilo wala haikujaribu kupanda kwenda Lushoto. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa wepesi usio na kifani, lakini wepesi huo huo huifanya garimoshi iteleze mahali penye mpando mkali.

Mombo penyewe pana mwinuko wa mita 400 hivi. Hapo njia ya Lushoto huchepuka kulia, huingia katika bonde jembamba lenye kuta za mawe, na kupanda kwa kona nyingi mpaka Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani. Baada ya Soni mpando hulegea, na msafiri hupita katikati ya bustani za mboga na miti ya matunda mpaka Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33, na katika kilometa hizo mtu huinuka mita 1,000. Huko chini ni miiba na vumbi, kwa kuwa pepo za bahari huwa zimekwisha mwaga sehemu kubwa ya mvua yake juu ya milima. Huko juu ni ubaridi na majani mabichi. Kwa kawaida halijoto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na siku ile niliuhisi upungufu huo kwenye ngozi kabla sijausoma kwenye kipimajoto.

Sasa tuingie katika hesabu. Uzito wangu ni kilo 68. Baiskeli yangu ni ile ya kawaida isiyo na gia, ya kilo 17. Mzigo wa maji, pampu, spana na koti ulikuwa kilo 5. Jumla ni kilo 90.

Kwenye barabara tambarare, mambo mawili humzuia mwendesha baiskeli. La kwanza ni ukinzani wa magurudumu: tairi hujikunja kidogo pale linapogusa lami, na nishati inayotumika kulikunja hairudi yote linapojikunjua. Kwa baiskeli yangu, tairi zikiwa zimejazwa vizuri, kani hiyo ni nyutoni 7 hivi, na haibadiliki sana hata ukiongeza mwendo. La pili ni ukinzani wa hewa. Nikiwa nimeketi wima na kwenda kilometa 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde, hewa hunirudisha nyuma kwa kani ya nyutoni 9 hivi. Jumla ni nyutoni 16. Kazi ni kani mara umbali. Basi kutoka Korogwe mpaka Mombo nilifanya kazi ya nyutoni 16 mara mita 40,000, yaani juli 640,000, au kilojuli 640. Nguvu, maana yake kasi ya kufanya kazi, ilikuwa nyutoni 16 mara mita 5 kwa sekunde, yaani wati 80. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa nguvu hiyo kwa muda wa saa kadhaa bila kuhema.

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara kwa nini basi wasiende kilometa 36 kwa saa wakafika mapema. Jibu ni kwamba ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, kani ya hewa huwa mara nne: nyutoni 36 badala ya 9. Ongeza nyutoni 7 za tairi, zidisha kwa mita 10 kwa sekunde, utapata wati 430. Kasi imezidi mara mbili, nguvu imezidi zaidi ya mara tano. Mwanariadha aliyezoezwa huweza kuimudu nguvu hiyo kwa muda. Mwalimu wa chuo kikuu aliyekwisha vuka miaka arobaini hawezi.

Yafaa hapa kutoa heshima kwa tairi. John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo mwaka 1888, miaka mitatu tu baada ya John Kemp Starley kutoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Umbo hilo la mwaka 1885 ndilo tunaloliendesha hadi leo. Wengi hudhani kwamba upepo wa tairi ni kwa ajili ya raha ya makalio tu. La, upepo huo huokoa nishati pia, kama jaribio lililo mwishoni mwa makala litakavyoonyesha.

Tugeukie mlima. Kati ya Mombo na Soni kuna kilometa 17 hivi, na mwinuko wa karibu mita 800. Kwa wastani ni mita 4.5 za kupanda kwa kila mita 100 za njia. Uzito wa kilo 90 kwenye mpando huo hunivuta nyuma kwa kani ya nyutoni 40. Ongeza 7 za tairi na 1 ya hewa, kwa sababu mwendo umekuwa mdogo, utapata nyutoni 48: mara tatu ya zile za tambarare. Nikienda kilometa 6 kwa saa, nguvu ninayotoa ni ile ile wati 80. Hapo ndipo msomaji anapoweza kuuliza: ikiwa nguvu ni ile ile, mbona mapaja huungua?

Sababu imo katika mnyororo. Gurudumu la meno la mbele lina meno 44, la nyuma lina meno 18, na mzingo wa tairi ni mita 2.2. Kila mzunguko mmoja wa pedeli huipeleka baiskeli mbele mita 5.4. Kwenye tambarare nilizungusha pedeli mara 56 kwa dakika. Kwenye mpando, mara 19 tu. Mguu unaozunguka polepole namna hiyo lazima usukume kwa kani kubwa ili kazi ipatikane. Kwa wastani pedeli ilidai nyutoni 80 kule bondeni, na nyutoni 240 kule mlimani. Tena huo ni wastani. Pedeli zikiwa moja juu na moja chini, mguu hausukumi kwa manufaa yoyote. Hivyo zikiwa zimelala usawa hudai kani kubwa zaidi ya wastani. Mahali ambapo barabara hupanda mita 8 kwa mita 100, kani inayotakiwa hukaribia uzito wangu wote au kuupita. Ndiyo sababu mwendesha baiskeli asiye na gia hushuka na kukokota. Wapo wanaoona haya kukokota mbele za watu. Hakuna sababu ya kuona haya: kazi ya kuinua baiskeli na mwili mita 1,000 haipungui wala haizidi kwa kukokota, kinachobadilika ni namna ya kuigawa kani tu.

Kazi ya Mombo mpaka Soni ni kilojuli 816. Soni mpaka Lushoto, kwa kufanya hesabu kama hiyo, ni kama kilojuli 330. Jumla ya siku, kupanda peke yake, ni kilojuli 1,800 hivi.

Hesabu hii niliifanya usiku wa kuamkia safari, katika nyumba ya wageni, nikiwa nimekunywa chai tu kwa kuwa nilishuka basi usiku. Kipande cha mkate cha gramu 30 kina nishati ya kilojuli 300 hivi. Gawanya 1,800 kwa 300. Nikaona vipande sita vyatosha, nikafurahi jinsi maumbile yalivyo rahisi. Alfajiri nikala vinne, viwili nikavifunga katika karatasi, nikaanza safari saa 12. Nilifika Mombo saa 2 na nusu, nikala vile viwili, nikapita mbele ya mihogo ya kukaanga na mahindi ya kuchoma bila kununua kitu, kwa sababu hesabu ilikuwa imekamilika.

Nilipita Soni saa 6 mchana. Kilometa chache mbele yake, mahali ambapo mpando umekwisha legea na mtu angetazamia kupata nafuu, miguu ilikataa. Haikuuma, ilikataa tu. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likawa la baridi, na kelele za mto zikawa kana kwamba zatoka mbali. Nilijaribu kupiga hesabu ya kilometa zilizobaki, kutoa 20 katika 33, nikashindwa. Ninasema jambo hili bila chumvi: mtu mwenye shahada ya uzamivu alishindwa kutoa 20 katika 33. Nikaiegemeza baiskeli kwenye ukingo wa barabara, nikaketi.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi hatua chache kutoka hapo alinitazama kwa muda. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekaa juani na kivuli kipo?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi, nikamwambia vipande sita vya mkate. Akaguna. "Vipande sita, na mlima wote huu?"

Alinipa ndizi mbivu nne na kikombe cha chai yenye sukari nyingi kutoka katika chupa yake mwenyewe, akakataa kupokea fedha mpaka nilipomaliza kula. Baada ya robo saa hivi mikono ilitulia. Baada ya nusu saa niliweza kuhesabu tena, na jambo la kwanza nililoliona ni kosa langu. Kwa aibu zaidi, lilikuwa kosa ambalo mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa mwisho kulitenda, kwa kuwa nilikaa ng'ambo miaka minne nikichunguza ufanisi wa injini za dizeli.

Kilojuli 1,800 ni kazi iliyofika kwenye baiskeli. Si nishati iliyotoka katika chakula. Msuli, kama injini yoyote, haugeuzi nishati yote kuwa kazi. Hugeuza robo tu, au pungufu ya robo, na iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo ili kupata kilojuli 1,800 za kazi, mwili hutumia kama 7,200. Nilipoketi kando ya barabara nilikuwa nimefanya kazi ya kilojuli 1,500, na mwili wangu ulikuwa umetumia 6,000. Nilikuwa nimeulisha 1,800. Niliihesabu kazi ya gari, nikasahau gharama ya injini.

Pengine mwanafunzi wa biolojia atauliza: je, mtu hana akiba ya mafuta mwilini? Anayo, tena nyingi. Gramu moja ya mafuta ina kilojuli 37, na hata mtu mwembamba hubeba kilo kadhaa. Nishati hiyo ingetosha kunipeleka Lushoto mara nyingi. Tatizo si wingi wa nishati, bali kasi ya kuipata. Mafuta huunguzwa polepole, na kadiri kazi inavyokuwa nzito ndivyo misuli inavyotegemea zaidi wanga uliohifadhiwa ndani yake na katika ini kwa umbo la glikojeni. Akiba hiyo ni ndogo: kwa mtu mzima aliyekula vizuri ni kama gramu 400 hadi 500, yaani kilojuli 7,000 au 8,000. Mtu aliyelala na chai tu huanza siku na pungufu ya hapo. Tena ubongo hutegemea hasa glukosi ya damu, na glukosi hiyo wakati wa njaa hutoka katika ini. Ini likipungukiwa, miguu si kitu pekee kinachodhoofika. Hesabu nazo hupotea. Hii ndiyo tofauti kati ya nishati na nguvu ambayo tofali la juu ya meza haliwezi kuionyesha: mtu aweza kuwa na ghala lililojaa na bado akashindwa kusogea, kwa sababu mlango wa ghala ni mwembamba.

Nadhani mwalimu anayesoma makala haya amekwisha kuwakumbuka wanafunzi wake. Yuko kijana anayeendesha baiskeli kilometa 12 kwenda shule bila kula kitu, kisha huketi katika kipindi cha kwanza cha hisabati na kuambiwa kuwa ni mvivu wa kufikiri. Kilometa hizo 12 zimemgharimu kilojuli zipatazo 750 kwenye njia tambarare, na zaidi kama kuna vilima. Mimi nilikuwa na chaguo la kununua mihogo Mombo.

Joto nalo lina hesabu yake. Katika kilojuli 7,200, kiasi cha 5,400 ziligeuka joto ndani ya mwili, na joto hilo lazima litoke. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huchukua kilojuli 2,400 hivi. Kama joto lote lingetolewa kwa njia hiyo, ningehitaji jasho la lita 2 na robo, bila kuhesabu lile linalodondoka chini pasipo kukauka, ambalo halipoozi kitu. Nilikuwa na chupa mbili za lita moja moja. Kwa upande huo angalau sikukosea sana.

Nilifika Lushoto saa 9 alasiri. Kabla ya kushuka nilimpelekea fundi mmoja baiskeli aitazame. Alizungusha gurudumu la nyuma, akanionyesha kwamba raba za breki zimekwisha, akazibadilisha huku akinitazama kwa namna ambayo sikuipenda lakini niliistahili.

Kushuka hakuhitaji chakula, ila kunahitaji akili. Nishati ile ya kuinuka, kilojuli 882 kwa kilo 90 na mita 1,000, haikupotea. Ilihifadhiwa katika mwinuko, na sasa yataka kutoka. Kati ya Soni na Mombo, mtu asiyegusa breki kabisa kwenye mteremko wa wastani ataongeza mwendo mpaka kilometa 35 kwa saa, ambapo ukinzani wa hewa na wa tairi hulingana na kani ya kushuka. Penye mteremko wa mita 8 kwa 100 atafika karibu 48. Kona za pale hazina nafasi ya mwendo huo, na upande mmoja ni bonde. Akijizuia asipite kilometa 18 kwa saa, breki huchukua nyutoni 24 kwa kilometa 17, yaani kilojuli 400 hivi. Kama joto hilo lote lingebaki katika rimu mbili za chuma zenye uzito wa kilo 2.5, halijoto yake ingepanda kwa karibu nyuzi 350. Haifiki huko, kwa sababu upepo huzipooza njiani. Hata hivyo nilisimama mara mbili, na kila mara rimu ya nyuma ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake; tumia breki zote mbili; na mvua ikinyesha ukumbuke kwamba raba juu ya chuma kilicholowa hushika kidogo sana.

Nilifika Mombo saa 11 na nusu jioni, nikala mihogo.

JARIBIO. Chagueni mahali tambarare pasipo upepo, kwa mfano uwanja wa shule wenye udongo mgumu. Chora mstari chini, na mwingine mita 10 kabla yake. Mwanafunzi aendeshe baiskeli kwa mwendo wa polepole ulio sawa, apite mita hizo 10 kwa sekunde 5, na afikapo mstari wa pili aache kuzungusha pedeli, asishike breki. Pimeni umbali mpaka anaposimama. Kama kasi ni v, umbali ni s, na jumla ya uzito wa mtu na baiskeli kwa kilo ni m, kani ya ukinzani ni m mara mraba wa v, gawanya kwa 2s. Juu ya lami na tairi zilizojaa mtapata umbali wa kati ya mita 20 na 30. Juu ya udongo utapungua. Rudieni baada ya kutoa nusu ya upepo katika tairi, kisha baada ya kutia grisi katika gololi za magurudumu.

SWALI. Mchuuzi anashuka kutoka Soni na gunia la viazi la kilo 100 juu ya keria, hata jumla imekuwa kilo 190. Mteremko ni mita 8 kwa mita 100, na anataka asizidi kilometa 18 kwa saa. Chukulia kwamba ukinzani wa tairi huongezeka kwa uwiano wa uzito, na ule wa hewa umebaki nyutoni 9. Breki zake zinapaswa kutoa kani kiasi gani, na ni mara ngapi ya ile ya mtu asiye na gunia? Je, raba zile zile mbili zitatosha?